Nyota ya Ncha Saba

Sista Kaltumu alistaafu mwaka 1975, baada ya miaka ishirini na saba katika wodi ya wanawake ya hospitali ya serikali hapa Arua, na miezi mitatu ya kwanza alikuwa kero kwa mtaa mzima. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea, akafagia uwanja, akachemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba, kisha akakaa akitazama mikono yake. Jirani akikohoa, Sista yuko mlangoni. Mtoto akijikwaa, goti limeshafungwa bendeji kabla machozi hayajatoka. Watu wakaanza kuficha mafua yao.

Lakini alichokikosa hasa hakikuwa wagonjwa. Alikikosa kitabu cha ripoti. Kila asubuhi, kwa miaka yote hiyo, alikuwa ameandika nani amelala vizuri, nani amekunywa uji, nani amelia na kwa sababu gani, na sasa siku zilimpita bila kuandikwa popote. Basi akanunua daftari la shule, akakaa kwenye baraza yake, akaanza kuuandika mtaa.

Makala yake ya kwanza iliitwa "Namna ya kumwogesha mgonjwa bila kumwaibisha". Aliituma Kampala kwa gazeti dogo la kila wiki lililoitwa Mlango Wazi, bila kutarajia lolote, na wiki tatu baadaye ikarudi imechapishwa, na jina lake juu. Kuanzia hapo hakushikika. Akaandika juu ya foleni ya sukari na jinsi ya kusimama humo bila kuzirai. Akaandika namna ya kufua kwa majivu sabuni inapoadimika, na kwa nini mtoto mwenye homa avuliwe nguo badala ya kufunikwa mablanketi. Kufikia mwaka 1977 alikuwa na kona yake mwenyewe, na fundi cherehani wa barabarani alikuwa akimnong'oneza habari za wateja huku akijifanya hataki ziandikwe.

Mhariri, Bwana Taban, alimlipa kwa nakala za gazeti na kwa mashauri. Mashauri ndiyo yalikuwa mengi. "Mama," alimwandikia mwezi Julai, "unaandika kama daktari. Ukisema mwanamke amebeba sahani, msomaji haoni kitu. Sahani ya namna gani? Ina rangi gani? Tia rangi, Mama, ndipo watu wataamini." Sista alinuna siku mbili. Siku ya tatu akakubali kwamba kijana yule alikuwa na haki.

Mkabala na nyumba yake aliishi Medina, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Koboko, mwenye watoto watatu na mume askari. Mume huyo, Zubeiri, alikuwa amehamishiwa Moroto mwezi Machi, na tangu wakati huo hakuna barua, hakuna salamu, hakuna chochote. Medina hakumlalamikia mtu. Alikodi kipande cha shamba nje ya mji, akalima mwenyewe, na mwezi Julai akajikata mguu kwa jembe. Kila baada ya siku mbili Sista alivuka njia na pamba yake na chupa ya dawa, akamsafisha kidonda, wakapiga soga. Alimpenda binti huyo. Hakuwa na mtoto wake mwenyewe, na hilo alilisema wazi kwa yeyote aliyeuliza.

Ramadhani ikaingia katikati ya Agosti. Katika mtaa wetu wanaume hufuturu pamoja nje, kwenye mikeka mbele ya nyumba ya Mzee Asumani, na kila nyumba hupeleka sinia lake limefunikwa kwa tabaga, lile kawa la rangi ambalo wanawake wetu wa Kinubi hulisuka wenyewe. Hakuna mtu anayefunua sinia la nyumba ya mwenzake. Hulifunua mwanamume wa nyumba hiyo, na kama hayupo, kazi hiyo ni ya Mzee Asumani.

Siku ya tatu ya mfungo Sista alifika kwa Medina jioni, mapema kuliko kawaida, akapitia mlango wa jikoni bila kubisha. Medina alikuwa amechuchumaa mbele ya sinia. Juu ya sinia palikuwa na sahani mbili na bakuli moja, vyote vimeoshwa vikang'aa, na ndani yake hamna kitu. Alikuwa anavifunika.

Walitazamana.

"Sista," Medina alisema, "wewe hapana ona kitu."

"Watoto wamekula nini?"

"Watoto iko na boga. Mimi hapana lilia watoto. Lakini nyumba ya Zubeiri kila mwaka natoa sinia. Kama leo hakuna sinia, kesho mtaa yote inajua."

"Na Mzee Asumani akifunua?"

"Mzee alifunua siku ya kwanza." Medina akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. "Hapana shtuka. Aliinamisha tabaga upande yake, akaingiza mkate ya kisra na nyama kutoka kwa sinia yake, akasema kwa sauti, 'Nyumba ya Zubeiri imeleta!' Sinia ilirudi nzito kushinda ile ilienda."

Sista alirudi nyumbani akapima unga wa mhogo kibaba kizima, akaufunga kwenye kitambaa na kumpelekea. Kabla ya Isha unga ulikuwa umerudishwa mlangoni pake, fundo halijafunguliwa.

Usiku huo hakulala mapema. Moyo ulikuwa umemjaa. Katika maisha yake alikuwa ameona watu wakivumilia mambo mengi, lakini yule mwanamke akiziosha sahani tupu hadi zing'ae, na yule mzee na mkono wake mwepesi, hao walimzidi. Aliona ni dhambi mambo hayo yapotee bila kuandikwa. Akaandika. Jina la Medina akalitoa. Kidonda akakitoa. Arua akaifuta akaandika Koboko, kwa sababu matabaga na mikeka ya futari aliyajua katika miji hiyo miwili tu, na Koboko alikuwa amepita miaka ya nyuma katika kampeni ya chanjo. Kule wake wa askari ni mamia, alijiambia, nani atamjua nani? Kisha akakumbuka mashauri ya Bwana Taban, akatia rangi kama alivyoziona jikoni kwa Medina: tabaga jekundu na zambarau, na katikati nyota ya kijani yenye ncha saba.

Hapo ndipo alipoharibu, na aliharibu kwa ujinga wa aina yake peke yake. Wasichana wenzake walipokuwa wakikaa na mama zao kujifunza kusuka, Kaltumu alikuwa hospitalini akijifunza kupiga sindano. Kwake tabaga lilikuwa tabaga tu. Hakujua kwamba wanawake wote wa Kinubi husuka nyota ya ncha sita au nane, kwa kuwa namba hizo hugawanyika vizuri unapozunguka duara, na kwamba kutoka Arua hadi mpakani alikuwapo mtu mmoja tu mwenye ukaidi wa kusuka saba zikatoshana. Mtu huyo alikuwa Mama Hawah wa Koboko. Mama yake Medina.

Gazeti lilifika kwa basi siku ya Jumatano, mfungo ukiwa umekwisha nusu. Fundi cherehani alilisoma kwa sauti barazani kwake, na wanawake tisa waliokuwa wakisubiri nguo za Idi wakasikiliza. Walipofika kwenye sahani tupu, wawili wakatoa machozi. Walipofika kwenye nyota, wote wakainua vichwa.

"Soma tena," akasema mchuuzi wa karanga aliyekuwa karibu nao, aitwaye Natalina, Mkristo wa watu, lakini aliyekuwa amenunua matabaga ya kutosha kujua. "Inasema ncha ngapi?"

"Saba."

"Saba, na Koboko? Basi hiyo iko Mama Hawah. Maskini! Mama mzima, iko na jina kubwa hivi, natoa sinia tupu!"

Kuamua hilo kuliwachukua dakika moja. Tabaga la Medina walikuwa wakiliona kila jioni likipita mbele yao, lakini tabaga hilo walijua ni zawadi ya mama, na gazeti lilisema Koboko, na gazeti ni gazeti. Jioni hiyo waliingia kwa Medina mmoja mmoja, na nyuso za msiba, kumpa pole kwa ajili ya mama yake.

Medina aliwasikiliza wote hadi wa mwisho. Kisha akavuka njia akichechemea, akasimama kwenye ua wa Sista, akakataa kiti.

"Mimi nakuambia wewe hapana ona kitu."

"Medina, mwanangu, nilibadilisha jina. Nilibadilisha mji..."

"Wewe ilibadilisha mimi, ukaweka mama yangu!" Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha Sista zaidi. "Mama yangu hapana jua kama nyumba yangu iko na shida. Kila mwezi natuma salamu, nasema iko sawa. Sasa mama yangu nachekwa Koboko kwa njaa yangu. Sikia, Sista. Jumanne wanawake nakuja kwangu kusoma dua. Mimi nasimama, nasema sinia iko yangu. Iache wacheke mwenye sinia."

Sista aliona mambo yatakavyokuwa. Medina angesimama mbele ya mtaa mzima na kujivua nguo, hivyo ndivyo alivyoliona, na Mzee Asumani naye angeumbuka, na wale watoto watatu wangeitwa watoto wa sahani tupu mpaka waoe. Na yote kwa kalamu yake.

"Nipe mpaka Jumanne," alisema. "Naenda Koboko."

Medina aliondoka, na kidonda chake siku hiyo kilibaki bila kusafishwa.

Jumapili alfajiri, gari lilipopatikana, Sista alipanda lori la Kamisi, dereva aliyesafirisha watu na magunia kati ya Arua na Koboko kila alipobahatika kupata dizeli. Mkobani alikuwa na masahihisho aliyoyaandika usiku: kwamba mwanamke wa makala yake hakuwa wa Koboko, na kwamba mwandishi anaomba radhi. Aliona ni maandishi safi. Mvua ilikuwa imekula barabara, wakakwama mara mbili, na kila walipokwama Kamisi, ambaye sauti yake ingeweza kuita watu wa Lobule kule mbali, alimsimulia yeye, bila kujua anazungumza na nani, kisa cha Mama Hawah na sahani zake.

Alimkuta Mama Hawah nyuma ya nyumba, bibi mrefu wa miaka sitini na kitu, anatwanga mhogo. Mchi alioushika vijana wawili wangesaidiana. Kando ya ukuta palikuwa na magunia matatu ya mtama wa mwaka huo, yamefungwa. Katika nyumba hiyo njaa haikuwa hata na mahali pa kukaa.

Sista alijitambulisha. Alisema yeye ndiye aliyeandika, akasema amekosa, akatoa karatasi ya masahihisho na kuisoma yote kwa sauti, amesimama, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Mama Hawah aliweka mchi chini, akasikiliza.

"Weka hiyo karatasi," alisema alipomaliza. "Kama gazeti inasema hapana Koboko, watu watatafuta wapi? Tabaga ya saba iko wapi ingine? Nilishona mbili tu. Moja iko yangu, moja nilimpa mtoto yangu siku ya arusi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Siku ilisomwa hapa sokoni nilijua. Mimi sitoi sinia tupu, basi nani anatoa?" Aliketi kwenye kinu kingine kilichopinduliwa. "Wanawake walikuja kuuliza. Nilisema, ndio, iko yangu. Mimi ndiyo natoa sahani tupu."

Sista alikaa chini bila kukaribishwa.

"Ulisema hivyo? Na magunia yote haya?"

"Magunia iko ndani ya ua. Mutu hapana ona." Kisha uso wa bibi ukakunjamana kwa hasira halisi. "Lakini wewe, wewe jua umenifanyia nini? Sasa sinia yangu ikitoka, shingo zote kama za kuku. Juzi mutu aliacha kunde mlangoni, akakimbia. Kunde! Kwa mimi, Hawah! Nilikula hiyo kunde kwa uchungu mpaka tumbo inauma."

Hakukuwa na chai ya kutoa wala ya kupokea, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamefunga, na kunyamaza bila kikombe mkononi ni kugumu. Mama Hawah alipozungumza tena, sauti ilikuwa imebadilika.

"Sasa sema kweli. Mtoto yangu nakula nini?"

"Boga. Na kile Mzee Asumani anachomrudishia."

"Watoto?"

"Watoto wanakula. Yeye ndiye amekonda."

"Na mimi hapa iko na mtama." Bibi alifuta macho kwa ncha ya gurbaba aliyojitanda, haraka, kama mtu anayeondoa jasho. "Nikituma gunia, atarudisha. Mimi najua hiyo mtoto, ilitoka tumboni kwangu. Nikimwita aje kula, hapana kuja, atasema yeye iko mke wa askari. Iko njia moja tu. Toa kalamu."

Sista alitoa kalamu.

"Andika. Medina binti yangu, mimi mama yako niko kitandani. Mgongo imekatika. Kuchota maji hapana weza, kusimama hapana weza. Chukua watoto, kuja mbio. Hapana ngoja Idi."

Kalamu ilibaki hewani. Katika miaka ishirini na saba Sista Kaltumu hakuwahi kuandika juu ya mgonjwa jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Aliwahi kugombana na madaktari kwa ajili hiyo. Alimtazama yule mwanamke na mabega yake mapana, mgongo umenyooka, vumbi la mhogo mikononi.

"Mgongo unauma upande gani?" aliuliza, kwa sababu hakujua aulize nini.

"Pande yote. Andika."

Akaandika. Akaandika kila neno, na mwisho akauliza kama ampelekee mwenyewe.

"Wewe?" Mama Hawah alicheka kwa mara ya kwanza. "Wewe utaingia polepole, utamwambia sikioni. Hapana. Mpe Kamisi. Mwambie iko siri."

Jumanne asubuhi lori lilisimama kwenye kona ya mtaa wetu, na Kamisi akaanza kuieleza siri yake kabla hajazima injini. Mama Hawah iko kitandani! Mama Hawah hapana simama! Alipofika mlangoni kwa Medina watu ishirini walikuwa nyuma yake, na fundi cherehani ameacha mashine. Medina akaipokea barua, akaifungua.

Sista, aliyerudi jana yake kwa gari jingine, alikuwa amesimama kwenye ua wake. Mwandiko ule Medina aliujua vizuri. Alikuwa ameuona kwenye kila bahasha ya vidonge aliyowahi kuletewa. Alisoma polepole mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akainua kichwa akamtazama Sista juu ya vichwa vya watu.

"Sista," aliita. "Wewe ilienda Koboko juzi. Iliona mama yangu?"

Mtaa wote ukageuka.

"Nilimwona," alisema Sista Kaltumu.

"Iko mgonjwa kweli?"

"Ni mgonjwa sana. Nenda leo."

Medina alisimama hapo kwa muda, na kila mtu alidhani anaogopa. Halafu akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu ambaye hakuwa amelia tangu mwezi Machi, na pengine hakuwa, na wanawake wakamshika mabega. "Fungeni nguo," akawaambia watoto. "Bibi yenu iko mgonjwa."

Kwetu mtu anayekwenda kumuuguza mzazi haondoki mikono mitupu. Hiyo ni aibu ya mtaa, si yake. Na huyu mgonjwa hakuwa mgonjwa tu, kila mmoja aliyesikia gazeti likisomwa alijua ana njaa pia. Natalina alileta debe la karanga. Fundi cherehani alileta mchele uliokuwa umehifadhiwa kwa Idi. Mzee Asumani alikuja na kuku wawili wamefungwa miguu. Unga ukaja, mtama ukaja, chumvi ya kufungwa kwenye karatasi ikaja, chumvi ambayo mwaka ule ilikuwa haionekani madukani, mpaka Kamisi akapanga mzigo mara mbili na kulalamika juu ya springi zake. "Kwa mama," walisema wote. "Mwambie apone." Na Medina, ambaye hangepokea kibaba cha unga kwa ajili yake, alipokea kila kitu kwa mikono miwili, macho mekundu, akisema, "Mungu akulipe. Mama atafurahi."

Sista alingoja wengine wapungue. Kisha akavuka njia na kifurushi chake: punje za simsimu kidogo, na pamba, na dawa ya kidonda ya wiki mbili, akiwa ameandika juu yake namna ya kuitumia. Alikuwa na maneno aliyoyapanga usiku kucha, ya kuomba msamaha, na watu walikuwa karibu mno, hakuweza kuyasema.

"Kwa mama," alisema.

Medina akakitazama kifurushi, akamtazama yeye. Akakipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akulipe, Sista," alisema. "Mama atafurahi." Maneno yale yale aliyowaambia wengine wote. Kisha akageuka, akampa Kamisi mtoto mdogo ampandishe, naye akapanda.